Mchi Bafuni kwa Mama Mkwe

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea, na ukikaa hapo unaitazama nyumba ya Bi Mkubwa ng'ambo ya barabara, utake usitake. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Katikati umebonyea, kwa sababu hapo ndipo anapokaa Mzee Betri, mlinzi mstaafu, na jina hilo tulimpa kwa kuwa mdomo wake hauishiwi chaji. Kulia kwake hukaa Kinyozi, ambaye wateja wake humfuata hapo hapo benchini. Kushoto hukaa Injinia, dereva wa lori, aliyepewa cheo chake na sisi wenyewe siku alipoifungua redio mbovu ya Kinyozi ikaanza kuongea lugha ambayo hakuna aliyeijua. Huyo ndiye mkwe wa Bi Mkubwa, amemuoa binti yake. Kahawa huleta Bwana Birika. Mimi husikiliza kutoka kwenye cherehani, na Mungu anisamehe, asubuhi ile kwa kusikiliza nilishona zipu ya suruali ya mtu upande wa makalio.

Asubuhi hiyo Injinia alikuwa amekaa kinyumenyume, mgongo kauelekeza nyumbani kwa mama mkwe.

— Geuka bwana, alisema Mzee Betri. Mambo yako huku.

— Natazama ukuta.

— Ukuta haujapanda ngazi. Fundi amepanda ngazi.

Kweli, fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, kichwa na mabega vimezama ndani ya dari ya kibarazani. Ni mwanamke, mtaa mzima unamwita Dada Koleo, kwa sababu koleo lake huning'inia kiunoni hata akienda harusini.

Kisa chenyewe ni hita ya maji. Bi Mkubwa ana baridi yabisi kwenye magoti na vidole, na daktari alimwambia aoge maji ya moto asubuhi na jioni. Kubeba ndoo hawezi. Basi Injinia, kwa mapenzi yake, akanunua hita, na mama mkwe alipokwenda kumtembelea dada yake, akaingia bafuni akaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Mama aliporudi, akaoga. Alipotoka alisema, "Maji matamu, baba. Mungu akubariki." Sote tulisikia, tukampigia Injinia makofi.

Lakini tangu siku ile tukaona jambo. Kwenye kidirisha cha bafu kinachotazama barabarani, kila asubuhi ulisimama mchi. Mchi ule mfupi wa kinu cha jikoni, umelowa, unakaushwa. Na kile kinu ambacho nilizoea kukisikia kila siku kabla ya adhuhuri kikanyamaza kabisa.

Benchi halikulala.

— Anaulia mijusi, alisema Kinyozi siku za mwanzo.

— Mjusi gani wa kila siku? Mzee Betri alimjibu. Anajikanda magoti. Mimi babu yangu alikandwa kwa mchi.

— Akapona?

— Alikufa, lakini magoti yalikuwa mazima.

Jana yake ndipo ukweli ulipotoka. Binti wa Bi Mkubwa, ndiye mke wa Injinia, alikuja kumwona mama, akaingia kuoga, na ukelele alioupiga ulimfanya Kinyozi amkate mteja sikio. Bomba lilimpiga shoti. Alipomuuliza mama yake, mama akainamisha kichwa. Kumbe siku zote hizo alikuwa akivaa malapa mazito ya mpira, anasimama mbali, na kulisukuma bomba kwa mchi lifunguke.

— Mama, mbona hukusema?

— Nimwambie mkwe wangu zawadi yake inaniuma?

Hayo tuliyapata kwa binti mwenyewe, alipovuka barabara na upande mmoja wa khanga ukiburura, kumtafuta mumewe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, mama angekufa kwa adabu." Kisha akaenda kumwita Dada Koleo. Usiku ule Bi Mkubwa alilala bila kuoga, akasema haingii tena bafuni humo, arudishiwe ndoo yake. Ndoo ambayo hawezi kuibeba.

Sasa benchi lilikuwa na kazi ya kueleza kwa nini bomba linauma.

— Nyumba ya zamani na hita mpya, hazijazoeana, alisema Bwana Birika akimimina.

— Si hivyo, alisema Kinyozi. Kuna watu damu yao inavuta umeme. Mimi nawajua kwa nywele. Ukiwapitishia kitana, zinasimama.

— Na binti yake?

— Damu si ni moja?

— Ninyi hamjui kitu, alisema Mzee Betri. Ule mnara wa simu. Maneno yote ya watu yanapita hewani, mengine mazito hayafiki, yanaanguka. Yanaangukia tangi. Ukifungua bomba, yanashuka.

— Kwa hiyo Bi Mkubwa anaoga maneno ya watu?

— Maneno ya watu hayaumi? Hebu niambie.

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, na baadaye nikajiuliza nilikuwa nacheka nini, mama wa watu akiwa ndani na vidole vimekakamaa.

— Hita zenyewe zimeundwa kwa nchi za baridi, Kinyozi aliendelea. Ikifika huku inakuta joto limeshafika kabla yake. Inaona kazi yake imechukuliwa. Inapata hasira.

— Injinia, sema neno! alisema Mzee Betri. Wewe ndiye mwenye hita yenye hasira.

Injinia alikunywa kahawa ambayo ilikuwa bado inachemka, machozi yakamtoka, tukajifanya tunadhani ni ya kahawa.

Ndipo Dada Koleo akashuka ngazi, akavuka barabara na kipande cha waya mkononi. Akatuamkia wote vizuri, akamnyooshea Injinia.

— Kaka, hii kazi yako?

Injinia akageuka, ikambidi. Waya ulikuwa mwembamba kama wa redio, mpira wake umeyeyuka ukaungua, shaba inachungulia.

— Yangu.

— Ulivuta kutoka taa ya ukumbini.

— Ndiyo.

— Hita ilikuja na nyaya tatu. Huko kwenye taa ukakuta mbili.

— Ndiyo, dada. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, nikaona hauna mwenzake. Nikaukunja, nikaufunga tepu.

— Ndio ambao ungemlinda mama. Huu mwembamba umeshindwa mzigo, umepata moto, mpira ukayeyuka, shaba ikagusa bati la hita. Umeme ukakosa njia ya kwenda ardhini. Ukamngoja mtu.

Mzee Betri aliupokea ule waya, akaupitisha kwa Kinyozi, naye kwa Bwana Birika, ukanifikia mimi. Ulikuwa mwepesi mno. Nimeshona vifungo kwa uzi mnene kuliko ule.

— Na hukurudi kuikagua? Kinyozi aliuliza.

— Nirudi wapi? Injinia alipaza sauti kwa mara ya kwanza. Bafuni kwa mama mkwe? Nimwambie mama, samahani, nataka kuingia unapoogea? Nilifunga haraka haraka nikatoka mbio hata kabla sijajaribu maji. Macho nimeyafumba nusu. Taulo lake lilikuwa limetundikwa mle!

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja wetu ana mama mkwe.

Nilitegemea Dada Koleo amseme. Mafundi tunajijua, kazi mbovu ya mwenzako ni tamu kuiponda mbele ya watu, na mimi mwenyewe siwezi kuona mshono wa fundi mwingine bila kuguna. Yeye alisema tu:

— Umefunga kwa upendo mwingi na waya mdogo. Upendo uache palepale. Waya njoo tubadilishe.

Akamchukua. Injinia alivuka barabara nyuma yake kama mtu anayepelekwa kwa hakimu. Hakuingia bafuni, alibaki kibarazani akimshikia ngazi na kumvutia waya. Sisi tukatazama, na nasema bila aibu kwamba siku ile hakuna aliyefanya kazi mtaani kwetu.

Kwanza Dada Koleo alizima umeme wa nyumba nzima, akapachika kufuli kwenye boksi la swichi pale kibarazani, ufunguo akautia mfukoni. Mlinzi mstaafu alitikisa kichwa kwa heshima alipoona kufuli. Kisha fundi akatoa waya mnene, akauleta moja kwa moja kutoka kwenye boksi hadi kwenye hita, hauchangii na taa wala na feni. Aliulaza ukutani umenyooka kama pindo. Mimi napima kwa futi. Yeye alipima kwa jicho, na haukupinda. Akaufungia swichi yake peke yake, nje ya bafu, mahali ambapo mkono uliolowa haufiki. Na ndani ya boksi akaweka kidude ambacho, alivyotueleza baadaye, kikihisi umeme unavuja hata kidogo kinakata kabla moyo haujashtuka.

Mwisho akachukua nondo ndefu ya shaba na nyundo, akaenda kwenye udongo mbichi ubavuni mwa nyumba, akaanza kuigongomea.

— Anapanda nini? Kinyozi aliuliza.

— Anaifunga nyumba isikimbie, alisema Mzee Betri. Lakini alisema polepole, kama mtu anayekaribia kuamini kwamba kuna mambo hayajui.

Nondo ilizama yote, ikabaki ncha. Pale akafunga waya wa kijani na manjano. Aliyekuwa anaukaza kwa spana alikuwa Injinia. Dada Koleo alimpa spana, akasimama kando, mikono kiunoni.

Akawasha, akapima kwa mashine yake, akaingia bafuni peku na kufungua maji kwa mkono wake. Kisha akavuka barabara kuja kwetu, kaloa hadi viwikoni. Mzee Betri, ambaye hajawahi kumpisha mtu, alisogea akampa ile sehemu iliyobonyea.

— Kazi imekwisha, alisema akipokea kikombe. Lakini Bi Mkubwa haingii. Nimeshika bomba mbele yake, anasema fundi ana dawa yake, umeme unamjua. Anataka mtu wa kawaida, peku, maji yakitiririka. Nani anakwenda?

Kinyozi alikumbuka mteja. Mzee Betri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, chaji iliisha. Mimi nilitazama sindano. Niliamini kazi ya yule dada kabisa, Mungu ni shahidi, ila miguu yangu haikuamini. Bwana Birika aliinamisha birika: lilitoa tone moja, basi.

— Waungwana, Dada Koleo alirudia, nani?

Ila ng'ambo ya barabara, Injinia, aliyekuwa anakunja ngazi, alikuwa amesikia. Akaiegemeza ngazi ukutani. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga mlangoni vizuri kama mtu anayeingia kusali. Akapaza sauti:

— Mama, hodi. Naomba ruhusa niingie bafuni kwako.

Kisha sauti ya Bi Mkubwa:

— Pita, mwanangu.

Tukasikia maji yanafunguka. Yakamwagika muda mrefu, na hakuna ukelele. Mkono wa mwanamume ukaonekana kidirishani, umelowa, mvuke unautoka, ukauondoa mchi.

Akatoka nao. Bi Mkubwa akaingia, miguu mitupu, mlango ukafungwa, nasi sote tukageuka na kutazama ukuta, kama Injinia alivyofanya asubuhi. Kahawa imekwisha, hakuna aliyeondoka. Maji yaliendelea kumwagika.

Baadaye, nikiwa nafumua ile zipu, nikasikia kutoka jikoni ng'ambo ya barabara: du, du, du. Kinu.