Ukurasa Mwekundu wa Programu ya Zizi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mradi wa Zizi Bora. Viongozi wa meza kuu. Wafugaji mliotoka Usangu. Mabibi na mabwana.

Jirani yetu Mama Veneranda, muuza vitumbua, anasema wafugaji walikuja dukani kwetu na fimbo, na sisi tukatorokea dirisha la nyuma. Anasimulia mpaka nguo tulizovaa. Duka letu halina dirisha la nyuma, mgeni rasmi. Lakini wateja wamemwamini, na ndiyo maana tumeomba kusoma kabla hujazindua programu hii.

KARIBU

Karibu Mwanjelwa. Viti tumevifuta, maji yako mezani.

TULIKOTOKA

Sisi ni watatu: Mwanahawa mwenye duka, Lutengano fundi wa kompyuta, na mimi Minza, elimu yangu darasa la saba, kwetu Usangu. Programu ya Zizi hatukuitunga sisi. Wameitunga vijana wa Iringa wanaojitolea, nayo ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuichukua, hata kuibadili. Bado inatengenezwa. Ikitoka kwao ni rundo la mafaili ambalo kompyuta ya Windows haijui ianzie wapi. Nyanya za Ilula hata ziive vipi, bila tenga hazipandi lori. Sisi kazi yetu ni tenga. Tunafungasha yote yawe faili moja, bwana mifugo anabofya, programu inaingia, anaandika ng'ombe wa nani wamechanjwa.

TULIYOFANYA

Lutengano akishafungasha, mimi nakaa pembeni namwangalia mtu anayejaribu. Simsaidii. Akikwama, namuuliza hapo ameelewa nini. Mzee mmoja wa Makongolosi alikwama kwenye neno "sakinisha", akaniambia, "Binti, hili si tusi kweli?" Tukaandika "weka".

Na kila toleo la majaribio tulilitangulizia ukurasa mwekundu: "Hii bado inatengenezwa. Usiandike humu chanjo za kweli. Toleo jipya likiingia, za zamani zinafutika." Mtu hapiti mpaka aandike mwenyewe NIMEELEWA.

YALIYOTUKUTA

Ofisi yako ikachukua faili letu. Kulichukua ni ruksa, hatulalamiki. Mkaweka nembo yenu, mkafuta majina yetu, nalo tukalimeza. Ila mkaondoa na ukurasa mwekundu. Afisa wako alimwambia Mwanahawa, "Dada, huo ukurasa unatisha watu. Mkubwa anataka kitu kilichokamilika." Kumbe kukamilika ni kuficha kwamba hakijakamilika.

Mabwana mifugo wakaandika chanjo za kweli. Ofisi ikatuma toleo jipya, kumbukumbu zote zikafutika. Ng'ombe waliochanjwa wakarudishwa kutoka mnadani kama hawajawahi kuona sindano.

Kitu kimoja mlisahau kufuta: namba ya simu ya malalamiko. Ni yangu.

Mzee Nashoni, yupo pale nyuma, alinipigia.

"Binti, ninyi ndio mmefuta ng'ombe zangu?"

"Shikamoo baba. Hapana baba, sio sisi."

"Namba hii si yako?"

"Ni yangu."

"Basi. We mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akasema, "Kumbe wa kwetu. Afadhali angekuwa mtu baki." Akakata.

Tangu hapo kila anayepiga anaanza na tusi, nami namjibu kwa shikamoo. Nyumbani Usangu sijaenda. Nitapita barabara gani?

OMBI

Wenzetu wanaosoma risala huomba kompyuta, huomba kiwanja. Sisi tulitaka tuombe umeme usiokatika, tukafuta. Tuna ombi moja. Kabla hujakata utepe, uwaambie wafugaji hawa, kwa mdomo wako, ukurasa mwekundu uliondolewa na nani. Tuliuliza ofisini kwako, tukaambiwa tusubiri uje. Umekuja.

Hapa, mgeni rasmi, tumekubaliana ninyamaze kidogo, upate kujibu.

Basi, asante. Mungu akufikishe salama unakokwenda, na awatunze ng'ombe wa Usangu ambao kompyuta imewasahau.

Ni sisi,
Wafungashaji wa Mwanjelwa, Mbeya.
Imesomwa na Minza. Simu ni ile ile.