Sista Taratibu Anaiweka Chini Sindano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wetu wa chumba cha sindano anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wagonjwa wanamwita Sista Taratibu. Penisilini ya kaswende ni nzito kama uji, na ukiisukuma haraka mgonjwa atakukumbuka kwa ubaya mpaka uzeeni. Yeye huipasha kwanza viganjani, kisha huisukuma polepole huku akikuuliza habari za shangazi yako.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia chumba cha sindano cha kliniki ya wajawazito na wenzi wao, na hapo akaota mizizi. Amewahudumia wabeba mizigo wenye misuli waliozimia kabla hata ya kuguswa, na hajawahi kumtaja hata mmoja. Sisi tulijua kwa kishindo tu.

Kisa kimoja naweza kukisimulia, kwa sababu kilinipata mimi, mfanya usafi wenu, kabla sijaajiriwa hapa. Mume wangu, fundi seremala, ameniruhusu baada ya kununa kidogo. Nilikuwa na mimba ya kwanza, damu ikaonyesha kaswende. Sista alinieleza kwa upole kwamba isipotibiwa mtoto anaweza kufia tumboni, na kwamba nikitibiwa peke yangu, mume ataniambukiza tena. Nilichomwa siku ileile, nikatumwa nimlete mwenzangu.

Fundi alisema haumwi popote, na ana kabati la mteja. Akamtuma mdogo wake. Shemeji alifika na shati lililopigwa pasi, akalala kitandani, suruali nusu. Sista akamuuliza ni nani wangu.

"Mimi shemeji yake. Kaka kaniambia nichomwe badala yake."

Sista alimwambia avae, akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea.

Kesho yake Sista alivaa nguo za nyumbani, akaenda karakana kwa fundi, akaketi juu ya mbao karibu na mlango. Ugonjwa hakuutaja. Kila mteja aliyeuliza anasubiri nini alijibiwa kwamba anamsubiri fundi. Wateja walipoanza kuangaliana, fundi akaweka msumeno chini.

Akafuatana naye hadi kliniki. Alipokwisha kulala ubavu ndipo akauliza, "Sista, aliyeleta ugonjwa huu ni nani?"

"Sijui, mwanangu. Najua tu mtoto hakuleta. Legeza mguu."

Binti yetu alizaliwa akipiga kelele, akapimwa, akaonekana mzima. Sasa anakimbia kwenye korido ninazopiga deki, kwa hiyo nazipiga mara mbili. Nina mimba nyingine. Juzi fundi alikuja kupima kwa miguu yake, akauliza foleni ya kina mama inaanzia wapi.

Sista, asante kwa huyu anayekimbia na kwa huyu anayekuja. Wote tuliopitia kitanda chako tunakuombea afya, usingizi mpaka jua litoke, na kuketi raha mustarehe, jambo ambalo sisi wagonjwa wako lilitushinda kwa siku kadhaa.