Sahani ya Bibi Thankful

— Aliziyeyusha zote, Bomba! Nimekwambia zote! Hujui maana ya zote?

— Najua. Ndiyo maana nauliza, zote ngapi? Mwaka juzi ulisema sahani kumi na mbili. Mwaka jana kumi na nane. Zimezaa?

— Kumi na nane. Mama yangu alisema kumi na nane.

— Mama yako, Mungu amrehemu, alisema pia mimi nitakuwa padri.

Benchi la wabishi hawa liko mbele ya duka la donati la Arlene, mkabala na shule ya kati ya Harrow Falls. Lina misumari mitatu iliyochomoza, na kila mwenye nafasi yake anajua jinsi ya kuikwepa. Upande wa kushoto hukaa Elwyn Tarbox, aliyefuga ng'ombe wa maziwa hadi magoti yakakataa. Wanamwita Kanali, ingawa bunduki pekee aliyowahi kushika ni ya mbao, ya gwaride la Sikukuu ya Uhuru, Julai. Katikati ni Gus Pelkey, fundi bomba mstaafu, ambaye nusu ya mji inamshukuru kwa maji na nusu nyingine inamlaumu kwa maji hayo hayo. Yeye ni Bomba. Kulia ni Rosalind Fontes, aliyetembeza barua miaka thelathini na mmoja na hajasahau hata bahasha moja. Yeye ni Posta. Kila asubuhi wapo hapo na vikombe vyao vya kahawa. Ila asubuhi hii ya Oktoba, miti ya mbele ya maktaba ikiwa imewaka nyekundu, Kanali alikuwa amevaa kofia ya pembe tatu na kizibao chenye vifungo vya shaba, na donati yake ilikuwa haijaguswa.

Saa nne kamili alitakiwa darasani.

Miaka ishirini na sita, kila Oktoba, Kanali alivuka barabara hiyo na kwenda kuwasimulia watoto wa darasa la nane habari za Bibi Thankful Tarbox, mama wa mababu zake. Mwezi Aprili mwaka 1775, Waingereza walipokuwa wakishuka kutoka Boston kutafuta baruti, Bibi Thankful alikusanya sahani zote za bati zito zilizokuwa nyumbani mwake, akaziyeyusha jikoni, akawatengenezea wanamgambo risasi za bunduki. Haikubaki hata moja. Miaka saba ya vita vya uhuru ukoo mzima ulikula juu ya vibao vya mti. Watoto hupenda sana hapo kwenye vibao.

Lakini mwalimu wa zamani alistaafu mwezi wa sita. Aliyekuja ni binti mmoja, Mwalimu Prentiss, naye aliandika barua. Kanali alikuwa ameisoma mara saba: karibu sana, tafadhali njoo na kitu kimoja cha enzi hizo, na uwe tayari kuulizwa maswali, kisha tutaona kama ziara hii iendelee mwakani.

Tutaona. Neno hilo alikuwa akitembea nalo tangu Jumatatu, barua ilipofika.

Kanali aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alipoanguka kutoka darini akipakia nyasi. Ng'ombe hawangoji mtu amalize mtihani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza anajua nini, isipokuwa dakika arobaini kila Oktoba, anaposimama mbele ya ubao na watoto wananyamaza kumsikiliza. Hizo ndizo zilikuwa chuo kikuu chake.

— Sasa tulia, alisema Posta. Kunywa kahawa. Huyo binti atakuuliza nini usichokijua?

— Sijui. Ndilo linalonitisha.

— Mimi nakupa jibu moja litakalomfunga mdomo, Bomba alisema akisogea mbele. Waambie risasi zilienda wapi. Risasi ya kwanza ya Bibi Thankful ilimpiga farasi wa jenerali.

— Jenerali yupi?

— Yeyote. Majenerali wote wana farasi. Farasi akakaa chini, akagoma. Jenerali akatembea kwa miguu, buti mpya zikambana, akachelewa. Vita vya siku ile vilikuwa vya kuwahi, Kanali. Kwa hiyo bila sahani za Tarbox, leo hapa kwa Arlene tungekuwa tunakunywa chai!

— Usilete fiksi zako, alisema Posta. Risasi hazikutumika hapa hata moja. Zilisafirishwa.

— Na nani?

— Na posta, nani mwingine? Wakati ule barua ilikwenda kwa farasi. Bibi Thankful alizichomeka ndani ya siagi. Kila bonge la siagi, risasi kumi. Waingereza wakapekua mikoba, wakaona siagi, wakapaka mkate, wakaruhusu.

— Wakapaka mkate na wasivunjike meno?

— Walivunjika! Unadhani kwa nini wanajeshi wa kwenye picha za zamani hawacheki?

Bomba alipiga paja. Hata Kanali alianza kuchangamka, shingo imenyooka, macho yanang'aa chini ya ile kofia. Aliwaza kwamba hilo la siagi halikuwa baya. Mama hakulisema, lakini mama hakusema mambo mengi.

— Na moshi! akadakia mwenyewe. Alipoyeyusha sahani kumi na nane usiku mmoja, moshi ulitoka kwenye dohani mweupe kama maziwa, Waingereza wakauona kutoka kilimani, wakadhani mji mzima una jeshi...

— Wakageuka! alimalizia Bomba. Wakageuka, wakakimbia! Haya, umeona? Vita vimeisha kabla ya chakula cha mchana. Nenda, Kanali, usiogope. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na shule ndiyo hiyo hapo ng'ambo.

— Bomba, methali hiyo haina maana hiyo.

— Ina maana ya ufupi. Unataka nini tena?

— Kitu umeleta? aliuliza Posta. Alisema uje na kitu.

Hapo Kanali alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akatoa kwenye mfuko taulo la jikoni, akalifungua juu ya magoti polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Ndani yake mlikuwa na sahani. Ilikuwa pana, nzito, ya kijivu kama anga kabla ya theluji, ukingo wake umebonyea kidogo upande mmoja.

— Ilikuwa ukutani kwa shangazi Hepsy, juu ya jiko, alisema kwa sauti ya chini. Maisha yake yote. Alipofariki ikaja kwangu. Nyuma imeandikwa kwa ncha ya kisu. Someni.

Posta alivaa miwani. — "Thankful Tarbox, 1771." Ee Bwana wee!

— Mwenyewe! alisema Bomba, akavua kofia yake. Kanali, hapo umemaliza kazi. Mwalimu atakuomba uje kila wiki. Usione vyaelea, vimeundwa.

Wakaipitisha mkono kwa mkono. Arlene alitoka dukani na birika la kahawa, akaishika, akasema ni nzito kuliko inavyoonekana, akawajazia vikombe bila kuombwa. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Kanali akasimulia tena, safari hii akiwa amesimama, mkono mmoja umeinua sahani juu: sahani kumi na nane, jiko, moshi, siagi, farasi aliyegoma, na haikubaki hata moja.

— Samahani, wazee. Namtafuta Bwana Tarbox.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, koti la bluu, kadi ya shule shingoni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Posta. We ni binti wa wale waliohamia nyumba ya kijani, mtaa wa Elm. Barua zenu bado zinakuja na jina la mpangaji wa zamani.

— Ndiyo, mama. Naitwa Xiomara. Mwalimu Prentiss kanituma nimsindikize mgeni wetu. Darasa zima linakusubiri, mzee. Tumeandaa maswali ubaoni. Akatazama ile sahani. — Naweza kuishika?

Kanali alimpa. Xiomara aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma huku midomo ikicheza. Akaigeuza tena.

— Ni ya Bibi Thankful huyohuyo?

— Huyohuyo, binti yangu.

— Aliyeyeyusha sahani zake zote?

— Zote. Haikubaki hata moja.

— Sasa hii ni nini?

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza basi linalokuja ni la wapi.

Posta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Arlene alisimama na birika limeinamishwa, kahawa ikamwagika nje ya kikombe, naye hakuona.

Kanali alihisi joto likipanda kutoka kwenye kizibao hadi masikioni. Hadithi aliipata kwa mama, jikoni kwao. Sahani aliiona kwa shangazi, jikoni kwake, maili nne mbali. Miaka sitini alivipenda vyote viwili, na hakuna siku hata moja aliyowahi kuviweka kwenye meza moja.

— Ilifichwa, alisema Bomba hatimaye. Chini ya... chini ya kuku.

— Hapana, alisema Posta. Ni risasi zilizorudi. Baada ya vita waliziokota zote, wakaziyeyusha tena, wakapata sahani.

— Pamoja na tarehe? aliuliza Xiomara. Imeandikwa 1771. Mnaona?

— Basi aliiandika baadaye, kwa kumbukumbu, alisema Bomba, lakini sauti yake haikuwa na msukumo.

Saa ya maktaba ilionyesha dakika nane kabla ya saa nne. Kanali aliketi, akaukalia ule msumari aliokuwa akiukwepa miaka yote, wala hakuinuka.

— Siendi, alisema.

— Utaenda, alisema Bomba akimsogelea sikioni. Sikiliza. Niachie sahani. Naiweka chini ya koti langu. Wewe chukua kofia yako, chukua bunduki ya mbao kwenye gari, nenda ukasimulie kama miaka yote. Nani atajua? Huyu binti hatasema. Eti binti, hutasema?

Xiomara alimtazama Bomba, kisha Kanali.

— Sitasema akitaka nisiseme, alisema. Lakini mzee, ubaoni tuna maswali ishirini na tatu, na yote majibu yake yapo kitabuni. Mwalimu Prentiss anasema siku tukipata moja ambalo halipo kitabuni, tutaacha kila kitu tulifuate. Tangu shule ifunguliwe hatujapata. Aliigeuza sahani kwenye mwanga. — Tazama, ina mikato ya visu. Mingi. Kuna mtu alikula humu miaka na miaka. Nani? Kama zote ziliyeyushwa, huyu alikula wapi? Na kama hazikuyeyushwa zote, kwa nini akabakiza hii? Labda hakuyeyusha kabisa! Labda aliyeyusha za jirani! Mzee, hata mimi sijui, na natamani sana kujua!

Alikuwa akirukaruka kidogo kwenye visigino bila mwenyewe kujua. Kanali alimtazama, na kitu kifuani mwake, kilichokuwa kimeanza kufunga mlango, kikasita. Alikumbuka asubuhi ya mwisho shuleni, yeye na vidole vyake vinavyonuka maziwa, mkono juu, swali mdomoni, na mjumbe akaja mlangoni kusema baba ameanguka. Swali lile hakuliuliza tena. Wala sasa hakulikumbuka.

— Za jirani, alisema polepole. Jirani walikuwa akina Lathrop. Wapo bado. Wana sanduku la makaratasi darini, Posta, si umewahi kuniambia?

— Masanduku mawili! alisema Posta, akasimama hadi kahawa ikamwagika. Na kanisani kuna daftari la waliotoa vitu kwa ajili ya vita. Mimi mwenyewe nilimpelekea mchungaji barua ya watu wa makumbusho waliokuwa wanaliulizia!

— Na dohani ya zamani kwenu ipo, alisema Bomba. Naijua, nilipitisha bomba pale mwaka wa tisini. Mtu akiyeyusha bati, lazima kuna lililodondoka. Nitaleta tochi!

Wote watatu walikuwa wakisema kwa pamoja, na Arlene naye akisema juu yao, na safari hii hakuna aliyemtaja farasi wa jenerali.

Kanali alivua kofia ya pembe tatu, akaiweka kwenye benchi, juu ya ule msumari. Akaifunga sahani kwenye taulo, akatikisa kichwa kama aliyebadili mawazo, akaifungua tena, akaibeba wazi kifuani. Wakavuka barabara, msichana mbele na mzee nyuma, na magoti yake siku hiyo hayakulalamika.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Watoto ishirini na watatu waligeuza vichwa, na Mwalimu Prentiss akashusha chaki. Kanali alisimama kizingitini. Aliwaza kuwaamkia kama kawaida, akaanza sentensi ya miaka ishirini na sita, "Hapo zamani, usiku wa Aprili," akaikata katikati. Akainua sahani juu ili hata wa nyuma waione.

— Wanangu, alisema, nimewaletea sahani ambayo, kwa maneno yangu mwenyewe, haipo.