Tabitha Ndila Gachau, Muuguzi Aliyefunua Shuka

Mchungaji wetu, wazee wa Ngoliba na wa Gatuanyaga, majirani wa Gitothua mliotoka Ruiru alfajiri na mapema, wauguzi mlioketi pale nyuma na sare zenu, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Alhamisi, tarehe 28 Agosti 2025, familia inawasalimu. Mimi ni Kaveke, kitinda mimba wa marehemu, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha yake mbele yenu, kwa sababu dada yangu Waithira alikataa, na kaka yangu Kiama akasema mwenye machozi machache nyumbani ni mimi, jambo ambalo mtaona wenyewe kwamba si kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 huko Ngoliba, mashariki mwa Thika, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Nzioki Mwanzia, aliyekuwa mkata mkonge, na marehemu Kaveke, ambaye jina lake ndilo ninalolibeba. Alianza shule ya msingi hapo hapo Ngoliba mwaka 1969, akamaliza mwaka 1975, kisha akaenda kukaa kwa shangazi yake Makongeni, Thika, alikosoma sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, na ambako, kwa kutumwa sokoni kila jioni, alijifunza Kikuyu cha kununulia nyanya, Kikuyu ambacho baadaye mama mkwe wake alikuwa akikicheka na kukisifu kwa pumzi moja. Januari 1981 alijiunga na chuo cha uuguzi mjini Machakos, akafuzu Desemba 1983.

Februari 1984 aliajiriwa katika hospitali moja ambayo aliomba tusiitaje. Sehemu inayofuata aliiandika kwa mkono wake siku alipostaafu, kwenye daftari la shule, akanikabidhi na kuniambia, "Kaveke, siku yangu ikifika hii isomwe, isirukwe, usije ukanisifu tu kama mtu asiyewahi kukosa." Nilimbishia, nikamwambia matanga si mahali pa mambo kama hayo, naye akanijibu kwamba matanga ndipo mahali ambapo watu wanasikiliza.

Mwaka 1985 katika wodi yake alilazwa msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Mbinya, aliyevunjika paja, mguu wake ukafungwa kwa uzito na kamba ili mfupa unyooke, akawa amelala chali wiki baada ya wiki. Mama alikuwa na miaka ishirini na tatu, wodi ilikuwa na wagonjwa arobaini na wauguzi wawili, na kila asubuhi aliandika kwenye faili kwamba ngozi ya mgonjwa iko sawa, bila kuifunua shuka kutazama, kwa sababu msichana mwenyewe hakulalamika, alikuwa mpole, alikuwa akiulizwa anasema yuko salama. Siku ya kumi na tisa harufu ndiyo iliyosema. Kidonda kilikuwa kimekula mgongo mpaka karibu na mfupa, sumu ikaingia kwenye damu, na Mbinya akafariki kabla mguu haujapona. Mama yake Mbinya alipokuja kuchukua mwili hakupiga kelele wala hakumshtaki mtu, alimtazama mama yangu tu, akamuuliza kwa Kikamba, "Mwanangu alikuja na mguu, mbona amekufa na mgongo?" Marehemu aliandika kwamba kazi yote aliyoifanya baadaye, miaka thelathini na saba, haikuwa jibu, ilikuwa kujaribu tu asiulizwe tena.

Katika hospitali hiyo hiyo ndipo alipokutana na baba yetu, Mzee Zacharia Gachau, wakati huo fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo Thika, aliyekuja na kidole kilichobanwa na mtambo. Mama alikisafisha na kukifunga, kikapona, na bado baba akarudi mara tatu kukionyesha, mpaka mama akamuuliza mbele ya foleni, "Kidole kimepona, sasa wewe unaumwa wapi?" Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, wakabarikiwa watoto watatu, Waithira aliyezaliwa mwaka 1988, Kiama mwaka 1990, na mimi mwaka 1995, na wajukuu watano ambao wote walimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, ingawa yeye aliwafundisha kusema Susu, kwa Kikamba chake.

Mwaka 1991 aliomba uhamisho kutoka wodini, akapelekwa kituo cha afya Ruiru, na baada ya muda akapewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa manyumbani, kazi ambayo wenzake waliiona kama adhabu kwa sababu ilikuwa ya miguu, ya vumbi na ya mbwa. Familia yetu ikahamia Gitothua. Kuanzia hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu kama Sista Ndila, mwenye mkoba wa turubai na kandambili za akiba, anayebisha hodi na kabla hajapewa kiti ameshauliza mgonjwa amelala upande gani.

Aliamini kwamba kidonda cha kulala kitandani huanza kabla hakijaonekana, na kwamba mwenye kukizuia si daktari, ni yule anayeishi na mgonjwa. Aliwafundisha watu kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumwinua kwa shuka badala ya kumburuta, kuweka mto kati ya magoti na kuacha visigino vielee hewani, kumkausha mara anapolowa, kumpa maharagwe na mayai kwa sababu nyama mpya haijengwi na chai. Aliwaonya kina mama wasisugue mahali palipoiva. Tena alikuwa akisema vitabu vimeandikwa kwa ngozi za watu wengine, kwamba ngozi yetu nyeusi haiwi nyekundu bali inakolea, inapata joto na ugumu, kwa hiyo tusingoje wekundu, tutumie kidole, na macho, na mwanga wa dirisha.

Mmoja wa wagonjwa wake ni Mama Wangechi, aliyeketi hapa mbele na kitambaa cha buluu, ambaye ametupa ruhusa tumtaje. Mwaka 2010 alikuwa akiuza mboga soko la Ruiru, akisimama tangu asubuhi hadi jioni, na juu ya kifundo cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda cha miaka kumi na mmoja, ambacho kilikuwa kimeshatiwa majani, ugoro, dawa ya meno na unga wa vidonge vya rangi mbili. Alikuwa ameacha kwenda kanisani na kwenye chama cha wanawake, kwa sababu aliona wenzake wakisogeza viti. Mama alipima kwanza mapigo ya damu juu ya wayo, akisema mguu usiofikiwa na damu ukiukaza unaumaliza, na alipoyapata akamfunga bandeji ya kukaza kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti, akamwambia kila anapoketi aweke mguu juu ya kreti. Wiki ya pili alimkuta bandeji ameivua na kuianika kwenye kamba, kwa sababu ilimwasha, na Mama Wangechi mwenyewe ametuambia kwamba alijiandaa kugombezwa, lakini Sista alivuta beseni, akaketi chini, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake, akasema, "Haya, tuanze tena." Walianza tena kwa miezi minane. Jumapili ya kwanza ya Desemba mwaka huo Mama Wangechi alirudi kanisani, akaketi benchi ya katikati, akiwa amezungukwa na watu pande zote.

Mwingine ni ndugu yetu Ouma, ambaye mnamwona kwenye kiti cha magurudumu karibu na hema la kwaya. Mwaka 2014 aliangukiwa na jiwe katika machimbo ya mawe, akapooza kuanzia kiunoni, na alipotolewa hospitalini alikuwa na kidonda juu ya matako chenye upana wa kisahani cha chai. Mkewe Bridget alikuwa akifanya kazi shamba la maua na kuondoka asubuhi sana, na majirani, kwa nia njema, walimletea Ouma tyubu ya gari ili aketi juu yake, kitu cha kwanza ambacho mama alikitoa nje, akieleza kwamba ile duara inabana damu pande zote na kukipalilia kidonda. Siku moja Ouma alimwambia, "Sista, niache nioze, ndio Bridget arudi kwao akiwa bado kijana." Mama alikuwa akivaa glavu, hakuinua kichwa, akamjibu, "Sawa, lakini ukioza, oza ukiwa umelala kwa ubavu, mimi nataka kusafisha." Ouma anasema ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu aanguke, alicheka mpaka akalia, na kwamba alipomaliza kulia aligeuka kwa ubavu. Mama aliwaita majirani wa ploti nzima, mwenye kinyozi, mwenye duka, dada wa saluni, akampa kila mmoja saa yake ya kuingia na kumgeuza, na miezi kumi na minne baadaye kidonda kilifunga. Leo Ouma anatengeneza simu pale Gitothua, na Bridget hakurudi kwao.

Mwaka 2017, wakati wa mgomo wa wauguzi, marehemu aliandamana na wenzake akiwa na filimbi, kwa maana aliamini walichokuwa wakidai, na mchana alivua sare, akafunga leso kama mpita njia, akaenda kubadilisha bandeji za wagonjwa wake, akituambia kwamba yeye amegoma, lakini vidonda havijagoma. Alistaafu tarehe 30 Juni 2022, yeye na baba wakahamia hapa Gatuanyaga, wakapanda maembe na kufuga mbuzi sita.

Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, akimenya viazi kabla ya ibada, kisu kilimponyoka, na alipojaribu kukiokota mkono wa kulia ulikataa. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa Thika kwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia, na katika maneno yake yote, ya Kikamba, Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, yakabaki machache ya kuhesabika. Ndipo baba yetu, mtu wa mashine, asiyewahi kupika hata uji, alipochora ratiba nyuma ya kalenda, saa baada ya saa, kushoto, chali, kulia, na kila saa ilipofika aliingia chumbani, akanawa mikono, akasema, "Mama Waithira, tugeuke," kana kwamba wanageuka wote wawili.

Hapa napaswa kusema langu. Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, baba alikuwa ameenda Thika kuchukua dawa, wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kumwona mama, nami nilitaka wamkute akiwa nadhifu, nikamvisha gauni jipya, nikamketisha kwenye kiti cha mbao tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, wakaimba, wakaomba, wakapiga picha, na mama alijaribu mara mbili kunivuta nguo kwa mkono wa kushoto nikadhani anafurahi. Jioni nilipomwogesha niliona chini ya mgongo doa lililokolea, gumu, la moto. Nililifunika. Nilikaa na siri hiyo siku mbili, na siku ya tatu ngozi ilipasuka, kidonda kikawa na ukubwa wa kifuniko cha soda, mimi, binti wa Sista Ndila. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia, nikamwomba msamaha, naye kwa mkono ule mmoja aliushika wangu, akaupeleka nyuma yake, akakibonyeza kidole changu karibu na kidonda, akasema kwa shida moja ya yale maneno machache aliyobaki nayo, "Tazama." Hakunikasirikia. Alitaka nijue kulitazama jambo nililolifanya bila kukimbia. Nilimwambia baba siku hiyo hiyo, nikaomba likizo bila malipo shuleni ninakofundisha Kahawa Wendani, na kila asubuhi, kwenye mwanga wa dirisha, nilikisafisha na kukipima, na kila nilipomaliza aliniuliza kwa macho nami nikamweleza ukweli, hata siku ambazo kilikuwa kimeongezeka. Kilifunga baada ya wiki tisa. Tulikula kuku.

Mwanzoni mwa Agosti mwaka huu alishikwa na nimonia, akalazwa tena Thika, akafariki Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, baba akiwa amemshika mkono. Wauguzi walipomwandaa, mmoja wao, msichana mdogo, alitoka akatuuliza nani alikuwa akimuuguza nyumbani kwa muda huo wote, kwa sababu hajawahi kuona mtu aliyelala miezi ishirini na mmoja akiwa na ngozi kama ile. Baba yetu, pale kwenye baraza la hospitali, akainua mkono juu kama mwanafunzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika, wahudumu wa afya ya jamii wa Gatuanyaga, hasa Bwana Macharia aliyekuja kila Ijumaa hata mvua iliponyesha, majirani wa Gitothua na wa hapa, kanisa, chama cha Mama Wangechi kwa kupika tangu Jumapili, na wenzake wote wa kituo cha afya Ruiru. Godoro la upepo alilokuwa akilalia mama halipo tena nyumbani, juzi Jumanne lilipelekwa Kiganjo kwa mama mmoja aliyevunjika nyonga, na baba alilisindikiza mwenyewe, akakaa huko mpaka jioni akiwaonyesha vijana wa nyumba ile namna ya kumwinua kwa shuka bila kumburuta.

Mama, wagonjwa wako wamekula, wamegeuzwa, wamefunikwa. Sasa na wewe pumzika kwa amani.