Mkasi wa Bi Swabaha

Leo, tarehe 30 Novemba 1949, Bi Swabaha binti Taib anastaafu baada ya miaka kumi na moja ya kufundisha kushona katika skuli yetu ya wasichana hapa Mji wa Kale. Kabla ya hapo alifundisha uani kwake Kibokoni, na malipo yake yalikuwa dua na visheti.

Vituko vyake twavijua. Chai isiyo iliki hanywi, na mkasi hakuufungia kabatini hata siku moja. Mwanafunzi alikabidhiwa siku ya kwanza, akate nguo ya kwao. Tulimsihi aanze na karatasi. Akasema kwa karatasi hakuna anayepima mara mbili.

Mtoto akililia wembe mpe: wengi wetu huisema methali hiyo tumekasirika. Yeye huisema kwa mapenzi, na huongeza lake: mpe, kisha ukae karibu naye.

Mwaka 1943, nguo ikiwa adimu kwa ajili ya vita, mwanafunzi wake Mwanaesha alileta darasani kisutu cha arusi ya dadake. Kisutu, kama leso zote, huuzwa mbili zimeshikana, ukazitenganisha na kuzipinda. Mwanaesha alikikunja vibaya, akapasua leso moja katikati. Kesho yake mamake akaja, buibui halijamkaa sawa.

"Mwanangu namtoa! Nimemleta asome, sikumleta aharibu arusi ya mwenziwe."

Kina mama wengine walisimama mlangoni, tayari kuwatoa wana wao. Skuli ilikuwa changa; wangeondoka wale, tungefunga.

Bi Swabaha aliagiza kwake kisutu alichomwekea bintiye. "Keti kitako, bibi. Kwanza akate hichi." Akampa Mwanaesha mkasi uleule. Mtoto akapima, akapima tena, akakata. Mstari ulinyooka. Mama aliondoka na kisutu kizima, mwanawe akabaki skuli. Kile kilichopasuka Bi Swabaha alikiunga, na bintiye akaolewa nacho, mshono waonekana na kila mtu. Tulimpenda zaidi tangu siku ile.

Mwanaesha sasa ni mwalimu, naye ndiye anayerithi darasa. Zawadi yetu ni kisutu kipya, hakijakatwa. Kitakatwa leo mbele yenu na Mejumaa, aliyeingia skuli juma hili na hajapata kushika mkasi. Mwanaesha atakaa karibu naye. Sisi wengine twaogopa sana.

Ahsante, Bi Swabaha. Mola akupe umri mrefu, afya na wajukuu watundu. Na ukijifunga kisutu chetu kikiwa na mshono katikati, ujue somo lako lilituingia.