Hewa Anayo, Mwacheni Aitoe: Bi. Digna Fransisko Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Digna Fransisko anastaafu akiwa mkuu wa chumba cha mazoezi ya kifua hospitalini kwetu, hapa Ifakara. Sisi tuliofanya naye kazi tunamjivunia mno, na atakayetuita wenye majivuno hajakosea.

Mzaliwa huyu wa Malinyi alisomea fiziotherapia, akarudi huku bondeni kwetu wakati wenzake wakikimbilia mijini. Ni mcheshi, ila ukitaka kumuudhi, mwambie mgonjwa anayehema "vuta pumzi". Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kikishuka na mbavu zikitanuka, hewa huingia. Vikilegea, mapafu hunywea na hewa hutoka. Lakini mapafu yaliyoliwa na moshi wa miaka mingi hulegea kama lastiki ya sketi kuukuu, na njia zake huwa nyembamba. Hewa ya zamani hung'ang'ania ndani, mpya ikakosa pa kukaa. Kumhimiza mtu huyo avute zaidi ni kumwongezea taabu.

Bibi Tekla wa Sanje, aliyepikia kuni tangu usichana, aliletwa akihema huku wanawe wakimhimiza avute, avute. Digna akawanyamazisha: "Hewa anayo. Mwacheni aitoe." Wakati daktari akimpa dawa, yeye alimfundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa. Hapo naye akateleza, akamwambia apulize kama anakoka moto. Lo! Bibi alipuliza kama mwenye kuni mbichi na wageni mlangoni. Njia zikazidi kubana, akakohoa hadi machozi. Digna aliomba samahani, akabadili somo: apulize kama anapoza uji wa mtoto, taratibu, usimwagike. Siku hizi wodi nzima inapoza uji.

Mapafu yale hayarudi kuwa mapya, na Bibi alilijua hilo. Alichotaka ni kufika kwa miguu yake kwenye shamba lake la migomba, ambalo wanawe walikuwa wameshampata mtu wa kulikodi. Digna alikwenda Sanje kwa likizo yake, wakatembea pamoja, wakaishia njiani. Likizo iliyofuata alikwenda tena.

Jumamosi iliyopita basi lilituletea mkungu wa ndizi wenye ujumbe: Bibi amekwenda mwenyewe, amekata mwenyewe, na shamba halikodishwi.

Asante sana, Dada Digna. Mungu akujalie miaka mingi yenye afya na furaha. Mkungu wako uko ofisini. Njoo uuchukue, maana Fidelis wa maabara ameanza kuzionja ndizi zake.