Daktari Mugaruka na Dada Wawili wa Idjwi

Baada ya miaka ishirini na miwili katika hospitali yetu hapa Ibanda, Bukavu, Daktari Théodore Mugaruka anastaafu tarehe 28 Juni 1991. Kamati ya sherehe imeniomba ukurasa mmoja wa furaha. Furaha ipo, nami nitaanza nayo.

Daktari ni mwana wa katekista wa Kalehe. Alisomea udaktari Kinshasa, kisha akaenda Ubelgiji kuchunguza kazi za ini. Wenzake walibaki huko. Yeye alirudi Bukavu na masanduku mawili, moja la vitabu, jingine la chupa tupu. Chupa zile zilimletea kesi. Mgonjwa akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, Daktari alichukua mkojo wake na kuuweka dirishani, juani, aone kama utageuka rangi. Siku moja mkubwa wa Mkoa alikuja kukagua, akaona chupa nyekundu, akakasirika kwamba madaktari wanaficha divai kazini. Halafu akaomba glasi. Daktari, kwa heshima zote, alimweleza ukweli wakati glasi iko tayari mezani.

Mkojo ule ulikuwa wa Agathe Nsimire, mwalimu wa shule ya msingi kutoka kisiwa cha Idjwi. Ilikuwa mwaka 1974. Alikuwa amepasuliwa tumbo mara mbili kwingineko bila kuonekana kitu. Alipoanza kuona watu wasiokuwepo, mume wake alimrudisha kwao akisema amerogwa. Wazazi wakampeleka kwenye maombi, akafungishwa kula mpaka miguu ikafa nguvu.

Daktari aliuita ugonjwa kwa jina lake, porfiria, akatukalisha sisi wauguzi na kutufundisha. Ini hutengeneza hemu, kitu kilekile kinachoipa damu wekundu wake, na huitumia pia kuvunja dawa zinazoingia mwilini. Hemu ikitosha, yenyewe huliambia ini liache. Kwa baadhi ya watu wa ukoo wa Agathe, hatua moja ya kazi hiyo ni mbovu tangu kuzaliwa. Hemu ikipungua, ini halipati amri ya kuacha. Linazidi kulundika vitu vya katikati, ambavyo havijawa hemu, navyo vinageuka sumu ya neva. Njaa hulichochea ini hilo. Gardenali, dawa tunayompa kila mwenye degedege, hulichochea zaidi. Sukari hulituliza. Kwa hiyo kule kufunga, walikodhani kunamwokoa, ndiko kulikokuwa kunamwua.

Tulimtia seromu ya glukozi, maji ya sukari ya mshipani, tukamlisha uji mtamu. Maumivu yaliisha upesi, miguu ilichukua miezi. Alirudi Idjwi akitembea, akafundisha tena. Mume alikuwa amekwisha kuoa mwingine.

Daktari hakuishia hapo. Alivuka ziwa kwa mtumbwi, akapima ukoo mzima. Mdogo wa Agathe, Bibiane, msichana mzima asiyeumwa hata kichwa, alikuwa nao ugonjwa. Daktari akawafundisha wote: msifunge kula, msikubali Gardenali.

Kisha akaiomba hospitali mambo mawili. La kwanza, onyo kuhusu Gardenali libandikwe chumba cha dharura. La pili, tuagize dawa mpya ya Ulaya, hemu yenyewe, inayotiwa kwenye mshipa ili ini lipate amri yake. Mkurugenzi wa wakati ule alimjibu mbele yetu:

“Docta, hiyo ni ugonjwa ya famille moja. Benye malaria nitabaambia nini?”

Kuhusu dawa, naweza kumwelewa. Lakini onyo lilikuwa karatasi tu na gundi.

Mwaka 1985 Bibiane, akiwa tayari mama wa watoto watatu, alishikwa na ugonjwa ule. Agathe alimleta kwa mashua asubuhi. Siku hiyo wakuu wote wa idara walikuwa wameamriwa kusimama kandokando ya barabara kumpokea mgeni wa Chama tawala, kuimba na kupiga makofi. Daktari aliomba ruhusa ya kubaki na wagonjwa wake, akaambiwa wagonjwa nao wanalipenda taifa. Akaenda.

Bibiane alipata degedege. Daktari kijana wa zamu alichukua Gardenali. Agathe alimshika mkono.

“Docta Mugaruka alikataza ile dawa! Musimupe! Itamuua!”

“Maman, ni weye njo munganga?” yule daktari kijana alimuuliza.

Alipozidi kupiga kelele, mlinzi alimtoa nje. Sindano ikachomwa.

Daktari alirudi alasiri, bado amevaa kitambaa cha Chama shingoni. Alisoma faili. Aliweka seromu kwa mkono wake. Lakini kupooza kulikuwa kumeanza miguuni, kukapanda mpaka kifuani. Mashine ya kupumulia hatukuwa nayo. Tulimpumulisha kwa mpira wa mkono, kwa zamu, mimi na wenzangu na Daktari mwenyewe, mpaka moyo ukasimama.

Alitoka kwenda kumwambia Agathe. Nilikuwa nyuma yake.

“Maman Agathe, unisamehe.”

“Docta, nilisema. Nilisema mpaka sauti ikaisha. Balisema mi niko fou, kichaa.”

Rafiki mmoja wa Daktari kule Ubelgiji alikuwa ametuma hemu ileile. Ilifika watu wamekwisha kuondoka matangani.

Baada ya mazishi onyo lilibandikwa, na sahihi chini yake ni ya mkurugenzi. Katika ripoti ya mwaka limeitwa ubunifu wa uongozi. Jina la Mugaruka halimo, wala la Bibiane. Daktari aliendelea kuvuka ziwa kila mwaka. Watoto wa Bibiane wamekua. Wawili wameurithi ugonjwa, na wote wako hai. Hayo ndiyo mafanikio yake, na hakuna aliyempa medali kwa ajili yao. Anayechukua nafasi yake hajawahi kumwona mgonjwa wa porfiria, na dawa za maabara za kuupima zimekwisha tangu mwaka jana.

Papa Docta, asante kwa wagonjwa uliowaamini kabla ya kuwapima. Kalehe unakorudi ikupe usingizi mzuri, na migomba yako izae.

Tangazo moja kuhusu sherehe. Daktari hakutaka zawadi. Aliomba tu Agathe Nsimire akae karibu naye, kiti cha mbele. Kamati imejibu kwamba mstari wa mbele ni wa wakubwa. Basi mtakaokuja kumuaga, msimtafute huko. Atakuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na Agathe.

Colette Nabintu, muuguzi, upande wa wanawake